Makosa Arobaini na Matatu

Misugusugu, Kibaha
14 Januari 2025

Shangazi Mwamini,

Shikamoo. Hiyo ni yangu, na nyuma yake kuna ya baba. Alipita hapa juzi akitokea Magindu, akasema nikikuandikia nisimsahau. Mbuzi wake wamefika kumi na saba na sasa anatusimulia habari zao kwa majina. Mimi mzima. Chumba changu kimeacha kuvuja, na mwenye nyumba ameniruhusu nipande mchicha uani. Vipi mguu wako? Na jirani yako Mwanamvua, bado anawaambia watu kwamba mikeka yake inaishinda yako?

Nakuandikia kwa sababu simu umeiweka kwa ajili ya misiba tu, na hili bado halijawa msiba.

Tangu Novemba niko kwenye majaribio katika ofisi ya Bwana Laurean, pale Maili Moja. Kazi yangu ni kutengeneza picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Si kuchora kwa penseli, shangazi! Ndani ya kompyuta nasimamisha kuta, natia dirisha, natandika kitanda, nawasha jua, kisha kompyuta inatoa picha inayotakiwa kufanana kabisa na iliyopigwa kwa kamera. Naipenda kazi hii mpaka nasahau kula. Sasa kuna mama mmoja, Mama Efrazia, anayejenga nyumba za wageni kule Mbwawa. Msingi ndiyo kwanza unachimbwa, lakini anataka picha za vyumba aanze kuwaonyesha watu.

Nimemtengenezea kumi na moja. Zote zimekataliwa. Bwana Laurean anaziangalia, anakuna kidevu, anasema, "Kudra, chumba hiki hakijawahi kulaliwa na mtu." Nikamwambia ni kweli bosi, hakijajengwa. Hakucheka. Amenipa mpaka mwisho wa Machi. Nikishindwa atamchukua kijana mmoja wa Dar ambaye kazi hii ameshaizoea, na mimi basi.

Tatizo ni kwamba vitu vyangu vimenyooka mno. Nimesoma kwamba ukitia kasoro kidogo, picha inakuwa ya kweli. Basi nikatia! Nikamwaga vumbi, madoa na mikwaruzo kila mahali. Bwana Laurean akaniuliza kama chumba kimeugua surua.

Wewe umeishi na vitu vya zamani kuliko mtu yeyote ninayemjua. Hebu niambie, kasoro gani inafanya kitu kionekane cha kweli?

Barua hii anakuletea Kibwana kwa kirikuu chake, maana kila wiki anakuja Maili Moja na mihogo na mananasi ya huko kwenu. Mpe jibu yeye yeye.

Mwanao,
Kudra


Masaki, Kisarawe
2 Februari 2025

Kudra mwanangu,

Marahaba. Ya Mwinyijuma nimeipokea pia, ingawa mdogo wangu huyo ana miguu na angeweza kuileta mwenyewe. Mguu unauma ukitaka mvua, na mvua yenyewe haiji. Mwanamvua bado anasema. Mwache aseme.

Kwanza kabisa, andika herufi kubwa. Mwandiko wako umekuwa wa sisimizi. Nilikufundisha mimi mwenyewe kuandika, hapa hapa barazani, na hukuwa ukiandika hivyo. Barua yako imenichukua siku tatu.

Pili, hao wageni wa huyo mama wataambiwa kwamba ni picha ya kompyuta? Kama hawaambiwi, usiniulize tena kitu.

Sasa nakujibu. Wewe umemwaga uchafu, na uchafu haumwagwi, mwanangu, uchafu unaletwa. Nimezunguka nyumba yangu nzima nikipapasa ili nikuandikie jambo la hakika. Mlango wa mbele umelainika sehemu moja tu, hapa mkono unaposukuma, na kidogo chini pale ninapousukuma kwa goti nikiwa nimebeba ndoo. Kwingine kote mbao bado inachoma. Ngazi ya saruji imelika katikati, pembeni haijaguswa. Ukuta wa barazani una sehemu laini kama kikaango, pale babu yako alipokuwa akiegemeza kichwa. Amekufa miaka kumi na sita na kichwa chake kipo pale. Kitanda kimebonyea upande mmoja kwa sababu nalala mmoja.

Kila kosa lina mwenyewe. Kabla hujalitia kwenye picha yako jiulize nani amelifanya, kwa mkono upi, akiwa anafanya nini. Ukikosa jibu, lifute.

Salamu kwa bosi wako. Huyo mtu ana akili, usimchukie.

Shangazi yako,
Mwamini


Misugusugu, Kibaha
9 Februari 2025

SHANGAZI!

Shikamoo! Naandika kubwa, unaona? Karatasi mbili kwa maneno ya karatasi moja. Baba mzima, mbuzi mmoja kazaa mapacha, salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Nimemwuliza Mama Efrazia. Chini ya kila picha ataandika kwamba nyumba haijajengwa na picha ni ya kompyuta. Amesema anataka watu waipende nyumba, hataki kuwaibia. Kwa hiyo naruhusiwa kukuuliza.

Barua yako nimeisoma nimesimama, Kibwana akiwa bado anashusha mananasi. Siku hiyo sikuweza kukaa! Nimezunguka Misugusugu yote natazama vitu mpaka watu wakaniuliza nimepoteza nini. Shangazi, swichi ya taa ya duka la jirani ina weusi wa vidole, lakini chini tu, kwa sababu mwenye duka ni mfupi! Kiti cha plastiki cha fundi cherehani kimepasuka mguu mmoja wa nyuma, wa kulia, kwa sababu anaegemea huko akimsikiliza mteja. Kwa msusi, ukuta nyuma ya benchi una alama tatu za mafuta ya nywele, na ya katikati iko chini zaidi, maana pale ndipo watoto wanapokalishwa. Nimeishi hapa miaka minne na sikuwahi kuona hata kimoja.

Nimefuta uchafu wote wa mwanzo, nikaanza upya. Nimemtunga mtu, nikampa jina la Faraji, nikasema yeye ndiye aliyelala chumba hiki usiku mmoja. Faraji anatumia mkono wa kushoto. Ameweka kikombe cha chai upande ule na kikaacha duara. Amevuta pazia kwa haraka, pete moja ikatoka. Ameketi ukingoni mwa kitanda kufunga kamba za viatu, shuka ikajikunja hapo tu. Bwana Laurean alipita nyuma yangu, akasimama. Akavuta kiti! Akasema, "Huyu mtu ameondoka saa ngapi?"

Lakini sakafu imenishinda. Mama Efrazia anataka mkeka wa ukindu, na mkeka nilioutengeneza unaonekana kama saruji iliyopakwa rangi. Niazime mmoja wako, tafadhali. Nitautunza, hakuna atakayeukanyaga na viatu.

Mwanao anayerukaruka,
Kudra


Masaki, Kisarawe
27 Februari 2025

Kudra,

Marahaba. Mwezi mtukufu unaingia siku mbili tatu hizi, Mungu atufikishe. Mihogo imetoka vizuri, nimekupakilia fungu. Mwambie baba yako mapacha wa mbuzi hawanihusu, aje anitengenezee bati.

Kicheko chako nimekisikia kwenye karatasi. Huyo Faraji wako mwambie akome kulowesha meza za watu.

Mkeka anao Kibwana, nimeukunja ndani ya gunia safi. Sikuazimi, nakupa. Nilianza kuusuka msimu wa korosho wa mwaka juzi na nimeumaliza mwezi uliopita. Umechelewa, nina shughuli nyingi siku hizi. Rangi ni zambarau na ile ya ukindu wenyewe, kama ule wa harusi ya mama yako.

Ila utapata taabu, kwa sababu unatafuta makosa na umekuja kwa mtu asiyekuwa nayo. Nilipokuwa binti, mama alikuwa akipitisha kidole kwenye kazi yangu, na akikuta chane moja ya ukindu imerukwa ananifumulisha mpaka mwanzo. Nililia sana, lakini mkono ulinyooka. Miaka arobaini na tano sasa. Mwulize mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Maneromango kuhusu mikeka ya Mwamini. Huyo Mwanamvua anayesema, akipata harusi anakuja kununua mkeka kwangu, anaupeleka kwake kwa siri.

Kwa hiyo hesabu, mwanangu. Ukilipata kosa moja niandikie.

Shangazi yako,
Mwamini


Misugusugu, Kibaha
18 Machi 2025

Shangazi wangu wa dhahabu,

Shikamoo na funga njema. Sijui nianzie wapi, naandika mbiombio, vumilia mwandiko!

TUMESHINDA. Jana Bwana Laurean alipanga picha tano mezani. Nne zimepigwa kwa kamera na Elinipa, mpiga picha wetu, ndani ya vyumba vya kweli. Moja ni yangu. Akamwita Mama Efrazia na kumwambia achague ya kompyuta. Mama akavaa miwani, akazisogeza, akazigeuza, akanusa karibu. Mimi nimeshika ukingo wa meza. Mwisho akaweka kidole, akasema, "Hii hapa, mnanidanganya? Hiki si chumba, hiki ni kiini macho." Shangazi, alikuwa amegusa picha ya Elinipa! Chumba cha kweli, kitanda cha kweli! Elinipa alikipangusa na kukinyoosha kila kitu kabla ya kupiga, mpaka kikafa. Yangu mama aliikumbatia, akauliza mkeka huu unauzwa wapi. Nimeajiriwa! Kuanzia Aprili mosi, barua ninayo!

Na ni mkeka wako ulioniokoa. Bwana Laurean ni mtu wa Bukoba, hajui mikeka yetu, ilibidi nimweleze kwamba mkeka hausukwi wote kwa pamoja. Unasuka ukili kwanza, utepe mrefu wa upana wa vidole vinne, kisha unasuka mwingine, unaushona ubavuni mwa wa kwanza, hivyo hivyo mpaka mkeka unatimia. Nikaupiga picha ukili kwa ukili ili niuingize kwenye kompyuta bila kupunguza kitu. Na ulisema nikipata kosa nikuandikie. Nimepata arobaini na matatu! Nimeyahesabu mara mbili. Chane zilizorukwa, kingo zilizolegea, na mahali fulani zambarau imekuwa nyeusi. Nimeyatia yote, kila moja mahali pake, na ndipo mkeka ulipolala sakafuni ukawa mkeka. Ningetia ule wa mwanzo usio na dosari, leo ningekuwa nafungasha. Makosa yako ni matamu, shangazi! Jioni tulifuturu ofisini wote pamoja kwa furaha, Bwana Laurean naye akala tende. Elinipa amenisamehe nusu.

Nakuletea sukari na tende kwa Kibwana. Andika upesi!

Wako mwajiriwa,
Kudra


Misugusugu, Kibaha
12 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Idi imekupita vipi? Hapa tulikula pilau kwa baba, Magindu, na mbuzi mmoja akapunguka. Alimlilia kidogo kisha akamla.

Kibwana ameniambia barua ya Machi ulipokea, na sukari, na tende. Nilimwuliza jibu liko wapi, akasema ulimwambia "hakuna jibu" na ukaingia ndani. Wiki iliyofuata hukutoka kabisa. Nimepiga simu mara tatu, inaita mpaka inakata.

Unaumwa? Nimekosea? Mkeka nimeutundika ofisini ukutani, hakuna anayeukanyaga. Mama Efrazia anataka kuagiza sita kwako, kweli, kwa nyumba zote. Niambie nimjibu nini.

Kudra


Misugusugu, Kibaha
3 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za mbuzi. Naandika kwa kalamu nene ya bosi na kila neno nimeliacha nafasi.

Juzi Bwana Laurean aliniambia nimfundishe Elinipa namna ninavyotia kasoro. Nikajidai sana. Nikamwambia kila kosa lina mwenyewe, jiulize nani, kwa mkono upi, akiwa anafanya nini. Elinipa akatazama mkeka wako pale ukutani, akauliza, "Na haya arobaini na matatu, mwenyewe ni nani?" Nilikuwa nimeyanakili bila kuyasoma hata moja.

Nikautoa ukutani. Nikafunga uzi mweupe kwenye kila kosa, kuanzia ukili wa kwanza uliousuka mpaka wa mwisho. Kili tano za mwanzo hazina uzi hata mmoja. Kidole cha mama yako kingepita bila kukwama. Wa sita una kosa moja. Wa saba mawili. Yanaongezeka, shangazi, na ukili wa mwisho peke yake una makosa kumi na moja. Na karibu yote yako ukingo mmoja, wa kushoto kwa mtu anayesuka. Na zambarau inaanza kuwa nyeusi kwenye kili tatu za mwisho, kana kwamba rangi zote mbili zilikuwa moja machoni mwa aliyezishika.

Nikafunga jicho langu la kushoto kwa leso na nikajaribu kusuka, kama ulivyonifundisha. Nikakosea ukingo ule ule.

Halafu nikatoa barua zako. Mistari yako inaanza pembeni vizuri, kisha kila mmoja unaanza ndani zaidi ya wa juu yake, kama vile huoni karatasi inaanzia wapi. Uliniomba niandike kubwa. Mlango uliupapasa. Ngazi uliipapasa. Ukuta wa babu uliupapasa. Hakuna mahali hata pamoja ulipoandika kwamba umeona.

Na mimi nikayafanyia sherehe! Nililia mbele ya Elinipa, shangazi, sikujali. Nisamehe.

Jicho lako limeanza lini?

Kudra


Masaki, Kisarawe
11 Mei 2025

Kudra,

Marahaba. Bati bado linavuja.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, mlango nimeufunga. Ile ya Machi sikuweza. Ulisahau ukaandika ndogo kwa furaha zako, na nilitaka sana kujua kama umepata kazi, basi nikampa Mwanamvua anisomee. Alisoma vizuri. Alipofika kwenye arobaini na matatu aliirudia, akaniuliza kama amesoma sawasawa. Kabla ya adhana ya alasiri Masaki nzima ilikuwa inajua. Nilikuwa nimejisifu kwako karatasi nzima, na sikujua. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba sikujua. Nilijua jicho limeingia ukungu. Mikono nilidhani bado ni ile ile.

Ni tangu mvua za mwaka juzi. La kushoto linaona mwanga tu. La kulia nalo limeanza.

Bibi yako alipopofuka alikaa miaka minane kwenye mkeka uliosukwa na wengine. Watu walikuwa wakizungumza juu ya kichwa chake kama vile na masikio yamekwenda. Mimi nilimwahidi Mungu sitakaa hivyo. Mkijua, wewe na Mwinyijuma mtanihamishia Kibaha, nitakaa kitandani kwako nasikiliza redio na majirani wasionijua.

Hospitali siendi. Mtu wa Msanga alikwenda na jicho moja bovu, akarudi na mawili. Haya niliyokuandikia ni yako na yangu, usimpe baba yako. Mkeka huo ufumue au uchome. Huyo mama mwambie sisuki tena.

Kazi nimekuombea dua. Nilifurahi, hata kama sikujibu.

Mwamini


Misugusugu, Kibaha
14 Mei 2025

SHANGAZI,

Shikamoo. Mkeka sifumui na sichomi. Baba nimemwambia. Nikasirikie baadaye, sasa soma.

Nimekwenda kuwauliza madaktari wa macho. Walinitajia mambo yako kabla sijayataja: ukungu, rangi kufanana, mwanga kuumiza. Wanasema inawezekana ni mtoto wa jicho, na kama ndiye, anatolewa. Wanamtoa kwenye jicho moja tu kwanza, lile baya zaidi, ambalo hata sasa halikusaidii. La kulia hawaligusi mpaka la kushoto lipone. Sikuahidi kitu ambacho hawakuniahidi. Lazima wakupime kwanza. Lakini ukikaa, lipi litakalobaki?

Na sikuhamishii Kibaha. Kitanda changu ni cha futi tatu na nusu, na wewe unakoroma. Ukipona unarudi kwako siku hiyo hiyo wanayokuruhusu.

Tufanye hivi. Jumamosi nakuja na baba. Yeye atapanda juu ya bati. Mimi nitasimama kwenye ule mkorosho wa njiani, wewe ukae barazani. Ukinitajia rangi ya khanga yangu, narudi Kibaha na sitalisema tena neno hili maisha yangu yote. Ukishindwa, Jumatatu tunakwenda.

Uliniambia nisitie kosa ambalo mwenyewe simjui. Mwenyewe wa haya nimemjua, na simwachi.

Kudra


Masaki, Kisarawe
24 Agosti 2025

Kudra mwanangu,

Marahaba. Marahaba mara mbili, maana safari hii naona ulipoiandika. Na usiniandikie tena kwa kalamu ya kuandikia magunia, nimekuwa nikisoma barua zako kutoka upande wa pili wa chumba. Bati la Mwinyijuma halivuji. Alipanda nalo Jumamosi ile kwa hasira na machozi, lakini kazi yake ni safi.

Nimecheka nilipokumbuka nilivyokujibu kwa sauti, "Nyekundu!" na wewe umevaa kijani. Nilibahatisha. Nilidhani vijana wote mnapenda nyekundu.

Tangu wamtoe mtoto wa jicho na kunifungua kitambaa mwezi wa saba sijachoka kutazama. Nimekiona kioo, na nina ugomvi na nyie wote, maana nimezeeka hivi na hakuna aliyenitaarifu. Nimeuona ukuta wa babu yako. Una weusi kidogo pembeni ya ile sehemu laini, wa mafuta ya nazi, ambao kwa kidole sikuujua. Nimeiona mikeka ya Mwanamvua kwa mwanga wa mchana. Sitasema neno, ila nimeiona. Yeye ndiye alikuwa akinipikia uji wiki mbili zile nilipotoka hospitali, kwa hiyo kweli sitasema.

Picha yako uliyoniachia nimeitundika. Faraji amekaa kitanda kile, namwamini. Nikahesabu makosa yangu kwenye mkeka. Yako arobaini na manne. Moja ulilinakili bila kulihesabu, liko kando ya ule mguu wa meza. Mwambie bosi wako akuongezee darasa.

Mwambie na yule mama nimekubali sita, lakini kwa mwendo wangu. La kulia madaktari wamesema wataliona mwezi wa kumi.

Sasa jambo lenyewe. Mkeka wake wa kwanza nimeshauanza, na nimeutazama kwa jicho jipya kila chane. Kili mbili za mwanzo hazina doa. Ile Jumamosi iliyopita uliyokuja bila taarifa, nilikuwa barazani nasuka wa tatu. Nikainua uso. Kuna mtu ametokea kule kwenye tangi la maji la msikiti, mbali, ukubwa wa kucha. Anatembea huku mikono inapigapiga kama anagombana na mtu. Na khanga yake ilikuwa ya zambarau, Kudra. Haikuwa nyeusi. Nilikujua wewe kabla hujaufikia mkorosho.

Hapo mkono ukaruka chane. Ukingo wa kushoto. Niliihisi pale pale, na ulipofika ukaniamkia nilikuwa nimeifunika kwa kiganja. Mama angenifumulisha mpaka mwanzo.

Sikufumua. Nimeushona hivyo hivyo, na mkeka ukitimia Kibwana ataupitisha kwako kwanza kabla haujaenda Mbwawa, ulisome kosa hilo.

Shangazi yako,
Mwamini